SWICHI YA FENI YA CHOONI: SITARA ILIYOTUNDIKWA DARINI





Yumkini wako watakaostaajabu kuona ukurasa huu, ambao aghalabu huzungumzia malezi na masomo ya watoto wetu, mwezi huu umegeukia swichi ya feni ya chooni. Sisi tuliosomesha lugha na historia kwa zaidi ya miaka 30 hatukupata kudhani kwamba siku moja tutaandika habari za waya na fyuzi. Lakini wahenga wamekwisha kutuonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu sisi ulikuwa swichi, na ulioota tende ulikuwa mkono wa mama yetu mzazi.

Jamaa wengi hapa Marekani sasa hununua au kukodi karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, ambayo wenyeji huiita RV. Sababu zao twazielewa. Ndani yake una jiko lako mwenyewe, kwa hiyo huna haja ya kuuliza chakula kimepikwa kwa mafuta gani. Una mahali pa kutandika msala bila ya kutazamwa, na una choo chenye maji yako. Kwa familia ya Kiislamu iliyo safarini hizi si anasa. Basi tulichanga fedha, sisi na jamaa wawili, tukanunua karavani ya futi 24 iliyokwisha kutumika miaka mingi. Siku chache baada ya Idi Kubwa, Julai 2022, tulifunga safari ya kwenda ufukweni mwa Ziwa Michigan, watu saba kwa jumla, na mama yetu akiwa mmoja wao.

NYUMBA NDOGO, HAYA KUBWA

Asiyepata kulala katika karavani huenda asitambue udogo wake. Choo chetu kina upana wa futi 3 na urefu wa futi 5, na mlango wake ni ubao mwembamba. Ukiunyoosha mkono kutoka mlangoni hapo unagusa meza ya kulia, ambayo usiku hukunjwa ikawa kitanda. Juu ya dari ya choo pana tundu la mraba, karibu inchi 14 kwa 14, lenye kifuniko cha plastiki kinachoinuliwa kwa kuzungusha kishikio. Ndani ya tundu hilo mna feni ndogo. Swichi yake ilikuwa papo hapo kwenye fremu ya feni, futi sita na nusu kutoka sakafuni. Mtu mrefu huinua mkono tu akaibonyeza. Mama yetu, aliyekuwa na miaka 83 wakati huo, hafiki futi tano.

Asubuhi ya siku ya tatu tulimwona amekaa akiushika mkono wake wa kushoto. Tukamuuliza una nini, mama? Akasema sabuni ilimtoka mikononi akateleza kidogo, si kitu. Tulimpaka dawa ya kuchua na tukaendelea na safari. Siku ya tano mjukuu wake wa miaka saba alitoka chooni akauliza kwa nini kifuniko cha choo kimepasuka. Kila mtu akamtazama mwenziwe. Mtoto akaongeza, bila ya kujua anasema nini: "Au ni kwa sababu Bibi hupanda juu yake kila usiku?"

Hapo ndipo ukweli ulipodhihirika. Kila alfajiri, watu wote wakiwa wamelala, mama yetu alikuwa akifunga kifuniko cha choo, akapanda juu yake gizani, akashika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaiwasha feni. Kisha hushuka, akajisaidia, akatawadha, akapanda tena kuizima. Siku ya tatu plastiki ile ilipasuka chini ya mguu wake.

Tulimwambia: "Mama, kwa nini hukutuamsha? Na kwa nini usiiache tu hiyo feni?"

Akajibu kwa upole: "Sikutaka kukuamsheni. Na kuiacha nitaiachaje, mwanangu? Wanaume wamelala hapo mlangoni, mkwe wangu ni mmoja wao. Nifanye nini, niwasikilizishe?"

Tuliporudi, daktari alionyesha kwenye picha kwamba mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umepata ufa. Alifungwa plasta wiki sita. Daktari alitwambia kwamba kwa umri wake tumshukuru Mungu, kwani angeweza kuvunjika nyonga.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tuliona limetufunza. Sisi tuliichukulia ile feni kuwa ni chombo cha kutoa mvuke, ilhali kwake yeye ilikuwa ni sitara: pazia la masikio katika nyumba isiyokuwa na kuta. Aliyeiweka swichi darini hakukusudia ubaya. Alipima kwa urefu wake mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kweli. Lakini mtaka cha darini, naye ni kikongwe, afanye nini?

KAZI YA FENI KWA HAKIKA

Mbali na sitara, feni hiyo ina kazi nyingine ambayo haifai kupuuzwa. Karavani ni sanduku dogo lililozibwa. Watu saba wakioga na kutawadha humo mara tano kwa siku, maji yote yanayoruka kuwa mvuke hutafuta mahali pa baridi, yakaganda kuwa matone kwenye madirisha, nyuma ya makabati na chini ya magodoro. Kisha huja kuvu jeusi na harufu ya uvundo, na mwenye pumu hapati usingizi. Jiko la gesi nalo huongeza maji bila ya kuonekana: kila kilo moja ya gesi ya propeni inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji.

Feni haiwezi kutoa hewa ikiwa hakuna hewa inayoingia. Acha dirisha dogo au mlango wa choo wazi kidogo, walau upana wa vidole viwili. Usipofanya hivyo, feni itavuta hewa popote itakapoipata, na mahali pa karibu mno ni tangi la uchafu lililo chini ya choo. Ndiyo maana watu wengi hulalamika kwamba wakimwaga maji huku feni inazunguka, harufu hupanda badala ya kushuka. Dawa yake ni kuizima feni kwanza, ukamwaga maji, ukasubiri kifuniko cha tangi kijifunge, kisha ukaiwasha tena. Bila shaka msomaji ameona tatizo: mtu anayehitaji kuizima na kuiwasha feni mara mbili kila aingiapo chooni atapanda juu ya kifuniko mara ngapi kwa siku?

HARAKA ISIYO NA BARAKA

Siku ile ile tulipojua ukweli, kijana wetu mmoja, mtoto wa dada, alisema: "Mjomba, hili la nusu saa tu." Alikuwa na waya mwembamba wa spika uliobaki katika sanduku la vifaa. Akauunga kwenye betri iliyoko mbele ya karavani, akaupitisha chini ya viti na pembeni mwa zulia hadi chooni, akaweka swichi ndogo karibu na mlango, akaunga feni. Ilizunguka, ingawa polepole. Tukampongeza, na mama yetu akamwombea dua.

Siku mbili baadaye, tukiwa tumeegesha gari kituo cha mafuta, tulinusa harufu ya plastiki inayoungua. Mguu wa chuma wa kiti kimoja ulikuwa umekaa juu ya waya. Mtikisiko wa barabara ukalila ganda la waya kidogo kidogo mpaka shaba ikagusa chuma, na katika karavani kama yetu fremu ya chuma imeungwa na upande hasi wa betri. Waya ukapiga shoti, ukawa mwekundu kama mkaa, na zulia likaungua sehemu ya ukubwa wa kiganja kabla ya kijana kukimbia kuung'oa waya kwenye betri. Lau ingekuwa usiku, hatujui tungeandika nini leo. Alhamdulillahi.

Hatumlaumu kijana peke yake. Yeye alifanya haraka, na sisi ndio tuliomharakisha. Yeye hakuuliza, na sisi tuliokuwa watu wazima tulipongeza kabla ya kuuliza. Kosa lake lilikuwa moja lenye sura tatu: alichukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri bila ya fyuzi, kwa waya mwembamba mno, na akaupitisha mahali unapokanyagwa.

Tuliporejea nyumbani tulimwendea mzee mmoja wa msikitini, mzaliwa wa Kigoma, aliyefanya kazi ya umeme wa magari maisha yake yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema: "Mwalimu, watu huogopa umeme wa ukutani kwa sababu huwatetemesha. Huu wa betri hautetemeshi, kwa hiyo wanaudharau. Lakini nyumba ngapi za magurudumu zimeungua kwa huo huo?" Yanayofuata ni masomo tuliyoyapata kwake, nasi tumeyaandika kama tulivyozoea kuandika ubaoni.

UMEME WA AINA MBILI CHINI YA PAA MOJA

Katika karavani mna umeme wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa volti 120, sawa na wa majumbani, unaoingia unapochomeka plagi kubwa kambini au unapowasha jenereta. Huo unaweza kuua. Wa pili ni wa volti 12 unaotoka kwenye betri, na huo ndio unaowasha taa, pampu ya maji na feni ya choo. Baina yao kipo kifaa kinachogeuza umeme wa volti 120 uwe wa volti 12 na kuichaji betri.

Hapa pana mtego unaofaa kuandikwa kwa wino mwekundu. Katika karavani nyingi za Marekani, waya mweusi wa volti 12 ndio chanya na mweupe ndio hasi. Na katika umeme wa volti 120, waya mweusi pia ndio wenye moto na mweupe ndio wa kurudisha. Rangi ni zile zile, hatari si ile ile. Basi usiamini rangi. Pima kwa mita ya umeme kila waya kabla ya kuugusa.

Jambo la pili: kuing'oa betri peke yake hakutoshi. Ikiwa plagi ya kambini bado imechomekwa, kile kifaa cha kugeuza umeme kitaendelea kulisha nyaya za volti 12. Na ikiwa paani mna paneli za jua, nazo hutoa umeme maadamu kuna mwanga. Kwa hiyo chomoa plagi, zima jenereta, tenga paneli za jua, ng'oa upande hasi wa betri, chomoa fyuzi ya feni, kisha upime uhakikishe kwamba hakuna kitu.

Jambo la tatu ni hesabu ndogo, nasi twaipenda hesabu kwa kuwa haina upendeleo. Feni ya wati 36 kwenye umeme wa volti 120 ingevuta ampea 0.3 tu. Feni hiyo hiyo kwenye volti 12 huvuta ampea 3, yaani mara kumi. Ampea ndizo zinazotia waya joto. Ndiyo sababu umeme usiokutetemesha unaweza kukuchomea nyumba.

KWANZA JUA UGONJWA

Kabla ya kuhamisha swichi, hakikisha kwamba feni yenyewe ni nzima. Tukiwa tumeifungua yetu tuligundua kwamba swichi ya zamani nayo ilikuwa imechakaa, na huenda mama yetu alilazimika kuibonyeza zaidi ya mara moja akiwa juu ya kile kifuniko.

Ikiwa feni haizunguki, fuata utaratibu. Tazama fyuzi kwanza. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kipimo kile kile, wala usiweke kubwa zaidi ili "isikatike tena". Fyuzi inayokatika mara ya pili inakuambia kwamba kuna shoti mahali, itafute. Kama fyuzi ni nzima, pima umeme unaofika kwenye feni. Kama umeme unafika kwenye swichi lakini hautoki upande wa pili swichi ikiwa imewashwa, swichi imekufa. Kama unatoka na mota bado haizunguki, tazama kama nywele na vumbi vimeuzinga mhimili wake. Visipokuwepo, mota ndiyo iliyokufa, na hapo hakuna haja ya kuhamisha swichi ya maiti.

KUHAMISHA SWICHI, HATUA KWA HATUA

Mzee wetu alituonyesha kwamba hatukuhitaji kabisa kwenda kwenye betri. Waya chanya tayari unafika darini, nao tayari unalindwa na fyuzi yake katika sanduku la fyuzi. Kilichotakiwa ni kuukata waya huo mmoja pale pale kwenye feni, kushusha nyaya mbili hadi kwenye swichi mpya, na kuiacha swichi ya zamani au kuiondoa. Umeme unashuka kwa waya mmoja, unapita kwenye swichi, unapanda kwa waya wa pili hadi kwenye mota. Waya hasi hauguswi.

1. Chagua mahali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayohusu watu wenye ulemavu imezaa viwango vya majengo ya umma, na kwa viwango vya sasa swichi kwa kawaida haizidi inchi 48 kutoka sakafuni. Karavani ya mtu binafsi haifungwi na kanuni hiyo, lakini akili iliyo ndani yake ni njema. Sisi tulimwita mama yetu mwenyewe, tukamketisha, tukamsimamisha, tukamwambia anyooshe mkono. Alama ikaangukia inchi 42, ubavuni mwa kabati la sinki karibu na mlango, upande usiofikiwa na maji ya kuogea. Kama choo chenu ni kile ambacho bomba la kuogea limo juu ya choo chenyewe na kila kitu kinalowa, swichi iwekwe nje ya mlango, na dirisha lifunguliwe kabla ya kumwaga maji.

2. Chagua swichi iliyoandikwa kwamba inafaa kwa umeme wa betri wa volti 12, angalau ampea 10. Swichi ya ukutani ya nyumbani haifai mpaka iandikwe hivyo. Umeme wa nyumbani hupita kwenye sifuri mara 120 kila sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka ndani ya swichi hujizima yenyewe. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri. Cheche yake hung'ang'ania, ikaunguza ncha za shaba.

3. Chagua waya. Fyuzi ya feni yetu ilikuwa ya ampea 15, kwa hiyo tulitumia waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, namba 14 kwa kipimo cha Kimarekani. Katika kipimo hicho namba ikiwa kubwa waya huwa mwembamba. Kanuni ni kwamba fyuzi lazima ikatike kabla ya waya kuungua. Ukitumia waya mwembamba kuliko huo, sharti uweke fyuzi ndogo zaidi mwanzoni mwake. Waya mwembamba pia huiba nguvu: katika mita 6 za kwenda na kurudi, kwa ampea 3, waya wa namba 22 hupoteza karibu volti nzima, ilhali wa namba 14 hupoteza chini ya volti 0.2. Ndiyo maana feni ya kijana wetu ilijikokota.

4. Chagua njia ya waya. Kuta za karavani nyingi ni plaiwudi nyembamba iliyogundishwa na povu gumu, kwa hiyo huwezi kupenyeza waya ndani yake. Usitoboe kwa kubahatisha: nyuma yake huweza kuwamo bomba la maji, la gesi, au waya wa volti 120. Wala paa usiliguse kabisa, kwani tundu moja la skrubu huleta maji ya miaka. Sisi tulibandika darini mfereji mwembamba wa plastiki wa kufichia waya, kutoka kwenye feni hadi kwenye kabati, na kutoka hapo nyaya zikashuka ndani ya kabati. Kila waya ulipopita kwenye tundu tuliuvika pete ya mpira ili ukingo usiukate.

5. Unga kwa nguvu. Karavani hutikisika njia nzima kama daladala kwenye barabara ya makorongo. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu utalegea. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo lake maalumu, kisha vuta kila kiungo kwa mkono. Kikitoka, afadhali kimetoka sasa.

6. Rudisha fyuzi na betri, ujaribu. Shika karatasi laini karibu na feni ikiwa inazunguka. Ikivutwa juu, kazi ni sawa. Ikisukumwa chini, umegeuza chanya na hasi, na feni inaingiza hewa badala ya kuitoa. Zima, ukate umeme tena, ubadilishe. Mwishowe, baada ya nusu saa, gusa swichi na viungo. Vikiwa vya moto, kuna kiungo kibovu.

Kazi yote ilituchukua asubuhi moja, kuanzia saa tatu hadi adhuhuri. Asiyewahi kushika mita ya umeme asijaribu peke yake. Amwite mwenye ujuzi, naye amshikie taa na kujifunza. Ikiwa karavani ni ya kukodi, omba idhini kwanza. Ikiwa bado iko katika dhamana ya muuzaji, soma masharti usije ukaivunja. Na wakati mnamsubiri fundi, fimbo nyepesi iliyofungwa kipande cha mpira nchani hufika darini bila ya mtu kupanda popote. Laiti tungeijua fimbo hiyo siku ya kwanza.

KUITUMIA KWA KIASI

Swichi ikiwa karibu, watoto nao wataifikia, na feni itaachwa ikizunguka usiku kucha. Feni ya ampea 3 kwa saa 8 hula ampea-saa 24. Betri ya kawaida ya asidi na risasi yenye ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo usiku mmoja wa kusahau umekula karibu nusu ya akiba mliyo nayo. Sisi tulichagua swichi yenye taa ndogo nyekundu, inayoonekana hata ukiwa umelala. Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kuzima moto na taa kabla ya kulala, tumewafunza watoto kwamba kuitazama taa ile nyekundu kabla ya kuzima nyingine ni katika adabu hiyo hiyo.

NENO LA MWISHO

Kiangazi kilichofuata tulisafiri tena. Kabla ya kuondoka kijana wetu, yule yule wa waya wa spika, alikagua kila kiungo kwa mita yake mwenyewe, kwani mzee wa Kigoma alimkubali kuwa mwanafunzi wake. Alfajiri ya kwanza tulisikia mlango wa choo ukifungwa, kisha "tik", kisha sauti ya feni. Tulijua mama ameamka. Hatukusikia jingine, na hilo ndilo lililokusudiwa. Asubuhi hakusema lolote juu ya swichi, nasi hatukumuuliza.

Ndugu zetu, si lazima uwe na karavani ili jambo hili likuhusu. Katika fleti zetu pia mna wazee waliokuja ughaibuni kutulelea watoto, nao wamefunzwa tangu udogo kwamba mgeni mwema hasumbui. Hawatakuambia kwamba swichi iko juu, kwamba bomba la maji ya moto ni gumu, kwamba ukingo wa beseni la kuogea ni mrefu. Watapanda na kushikilia ukuta, wakianguka watasema ni sabuni. Basi usingoje uambiwe. Ingia chooni mwako usiku wa leo, piga magoti uwe na kimo cha mama yako, unyooshe mkono, utazame unafika wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfupa wa mzee haujengeki kama ukuta.

Wabillahi tawfiq.